Masika Yameingia, Tuikaushe Miguu

Mwaka jana, mwezi wa Aprili, nilipeleka viatu vyangu vya ngozi kwa fundi viatu anayekaa chini ya mwembe, karibu na kituo ninachopandia daladala. Vilikuwa viatu vizuri, vyeusi, vya kisigino kifupi, nilivyovinunua baada ya kujibana miezi miwili. Siku hiyo ngozi yake ilikuwa imekakamaa kama ubao, imepasuka pale vidole vinapokunjika, na soli ya mguu wa kushoto imeachia kuanzia mbele hadi katikati. Nilimwamkia mzee, nikamkabidhi, nikaanza kuilaumu mvua. Alivigeuza, akavinusa, akaniuliza nilivikaushia wapi.

"Kando ya jiko la mkaa, mzee wangu. Nilikuwa navihitaji asubuhi."

"Basi mwanangu, mvua usiisingizie. Maji hayaui kiatu. Kinachokiua ni haraka ya kukikausha."

Kisha akatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa ndala, na kati ya kidole kidogo na cha nne ngozi ilikuwa nyeupe, imelainika, inavuka. "Na hapo?" akauliza. "Hapo naona hukukausha kabisa."

Maneno yale nimeishi nayo mwaka mzima. Kiatu nilikikausha kwa pupa, mguu sikuukausha. Na nikiwatazama ninaobanana nao kwenye daladala, wenzangu wa kazini, watoto ninaopishana nao alfajiri wakielekea shuleni, naona kosa letu ni moja mwaka nenda mwaka rudi. Tunapigana na maji yasiingie kiatuni, na yakishaingia tunakubali kushinda nayo mpaka jioni. Mimi nimefikia mahali pa kuamini kwamba kiatu cha masika kichaguliwe kwa namna kinavyotoa maji na kukauka, na kwamba mguu wenyewe usilale na unyevu hata usiku mmoja.

Kulowa hakukwepeki. Anayeishi Dar es Salaam anaijua Aprili ilivyo. Masika hushika kuanzia Machi hadi Mei, kisha vuli huja Oktoba hadi Desemba, na kila mvua inapokolea, bonde la Jangwani hujaa maji, Barabara ya Morogoro hufungwa, watu huvua viatu wakavishika mkononi. Wengi wetu tunaikumbuka Desemba ya 2011, mvua ya siku moja ilipofikia milimita 156.4, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana jijini tangu 1954. Masika ya 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge mwezi Aprili kwamba watu 155 walikuwa wameshapoteza maisha nchini. Katika siku kama hizo habari ya kiatu ni ndogo, mtu anaokoa roho yake na ya wanawe. Lakini katikati ya siku hizo kubwa zimo siku nyingi ndogo, za manyunyu asubuhi, dimbwi kituoni, mtaro uliofurika karibu na ofisi. Hizo ndizo zinazoila miguu yetu polepole, na hakuna gazeti linalozitangaza.

Kinachotokea ni hiki. Tabaka la juu la ngozi ya unyayo ni nene, limejengwa na seli zilizokwisha kufa, na hufyonza maji kama mkate mkavu. Likijaa maji huvimba, huwa jeupe, hulegea. Ngozi iliyolegea huchubuliwa na kitu kidogo tu, mshono wa soksi au chembe ya mchanga, na pale ilipochubuka wadudu wa ugonjwa wanapata mlango. Kati ya vidole hali ni mbaya zaidi kwa sababu hewa haipiti. Tena hata mvua isiponyesha mguu una maji yake: miguu miwili ya binadamu inakadiriwa kuwa na tezi za jasho zipatazo 250,000. Ukiifungia ndani ya kiatu kisichopumua, kuanzia asubuhi hadi magharibi, umeilowesha bila tone la mvua.

Majeshi yaliligundua jambo hili kwa gharama kubwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, maelfu ya askari waliosimama siku nyingi kwenye mahandaki yenye maji huko Ulaya walioza miguu, wengine wakakatwa. Ile ilikuwa baridi ya Ulaya, lakini maji ya vuguvugu nayo yana madhara yake. Wamarekani waliopigana Vietnam, wakipita siku kwa siku katika majaruba ya mpunga, walivimba nyayo na kushindwa kutembea bila baridi yoyote. Dawa iliyosaidia ilikuwa kuwatoa majini kwa zamu na kuwapa muda wa kukausha miguu. Na buti walilopewa kwa ajili ya msitu ule liliachana na wazo la kuzuia maji: juu lilikuwa la kitambaa, na pembeni, karibu na unyayo, lilikuwa na vitundu viwili vidogo vyenye wavu vya kutolea maji. Jeshi lenye fedha zote zile lilikubali kwamba maji yataingia, likatengeneza njia ya kuyatoa.

Kwetu pia historia hiyo ipo, na ni ya uchungu. Kariakoo, mahali ambapo nusu ya jiji hununua viatu, jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita hivyo hivyo vya kwanza. Masika ya 1917 Rufiji ilifurika kuliko kawaida, na wapagazi wengi walikuwa wakitembea peku, mizigo kichwani, tope mpaka magotini. Walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi kuliko kwa risasi. Kila ninapopita maduka ya viatu pale Kariakoo huwakumbuka.

Wazee wa pwani walikuwa na jibu lao kabla ya buti za jeshi lolote. Katika nyumba za Unguja, Lamu na Mombasa palikuwa na mitalawanda, viatu vya mti vyenye kisigino mbele na nyuma, na katikati ya vidole msuruaki wa kushikilia. Mguu ulikaa juu ya maji ya uani na chooni, haukufunikwa, na ukitoka ulikuwa umekauka tayari. Makubadhi ya ngozi yaliwekwa kwa ajili ya msikitini na barazani. Hakuna aliyeyakanyagia tope. Bara nako Wamasai, na baadaye watu wengi wa vijijini na wa viwandani, walizoea katambuga, kiatu cha tairi kuukuu. Kwa masika sijaona kiatu cha bei nafuu kinachokishinda. Msumari ulioko kwenye tope haupiti tairi kirahisi, maji yakiingia yanatoka, na ukikisuuza kwenye bomba kinakauka ukiwa bado unaongea na jirani. Aibu ya kuvaa katambuga mjini ni jambo tulilojifunza, na tunaweza kulisahau.

Ndala, au kandambili, au malapa kama wengine wasemavyo, zina sifa moja tu kwa mvua: zinakauka. Kwa mengine ni hatari. Soli yake ni laini, msumari unaipita hadi kwenye nyama. Kwenye tope hunata, ukivuta mguu kanda inachomoka. Kwenye vigae vilivyolowa huteleza, na unapotembea hukurushia tope mpaka mgongoni. Dereva wa bodaboda anayeendesha na ndala kwenye mvua anahatarisha vidole vyake na maisha ya abiria wake. Ndala zibaki za kuogea na za kubadilishia ukifika.

Yeboyebo, vile viatu vya plastiki vyenye matundu, nimevidharau miaka mingi na sasa navitetea. Maji yanaingia na kutoka, vidole vimekingwa kwa mbele, havihitaji kiwi. Tatizo lake ni soli. Kabla hujalipa, igeuze uikwangue kwa ukucha. Ikiwa ngumu na inang'aa kama sahani, iache, itakuangusha kwenye ngazi za ofisi. Ukucha ukizama kidogo na soli ikarudi, na mifereji yake ikawa na kina na inaelekea pembeni ili maji yapate pa kukimbilia, hicho ni kiatu. Pitisha pia kidole ndani, kwenye kingo za matundu. Plastiki iliyokatwa vibaya huchana ngozi iliyolowa ndani ya nusu saa.

Sasa nije kwa gambuti, maana ndilo linalofikiriwa kwanza mawingu yakitanda. Gambuti ni kiatu cha kazi: cha mama lishe anayepika kwenye banda linalovuja, cha mbeba mizigo sokoni, cha mkulima wa mpunga Kilombero au Mwea anayeshinda kwenye maji yenye konokono wa kichocho, cha anayesafisha mtaro. Kwa hao halina mbadala, na mwajiri anayemwingiza mtu mtaroni bila gambuti anamdhulumu. Ila kwa mtu wa kawaida anayetembea kilomita mbili kisha akae kitini saa nane, gambuti humfungia jasho lake mwenyewe. Akivua jioni soksi inakamulika, na mvua haikuingia.

Ukilinunua, nenda na soksi nzito uliyokusudia kuivalia. Kisigino kisipande na kushuka unapotembea, kwa sababu hapo ndipo malengelenge huanzia. Mdomo wake uishie chini ya goti bila kukata shavu la mguu. Ndani pasiwe na mshono unaojitokeza. Kisha ujue mpaka wake: maji yakipita mdomo, umejifunga ndoo mbili miguuni. Gambuti lililojaa ni zito, na katika maji yanayokwenda linakuvuta. Sentimita 15 tu za maji yanayokwenda kwa kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, kwa hiyo mbele ya korongo linalotiririka ushauri ni kusubiri, uwe umevaa nini. Usiku lining'inize kichwa chini, mdomo wazi, mahali pa hewa, na asubuhi likung'ute kabla ya kutia mguu. Nge na tandu hupenda joto lile.

Raba za mtumba ndizo zinazovaliwa na wengi, na hapo pana mtego ambao watu huuita laana ya mtumba. Unanunua raba safi pale soko la Karume, ya jina kubwa, haina hata mkwaruzo. Unaivaa siku mbili za mvua, soli inameguka kama andazi la jana, unabaki na kitambaa mguuni. Si uchawi wala hukuuziwa bandia. Soli nyingi za katikati hutengenezwa kwa poliyurethani, na dutu hiyo huvunjwa taratibu na unyevu wa hewa hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Pengine kilikaa miaka kumi Ulaya kabla ya kufungwa kwenye robota. Kwa hiyo usiangalie usafi wake. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba kwa nguvu, kisha ikunje. Ukiona nyufa nyembamba, au inanata, au inaacha vumbi, irudishe hata kama muuzaji anakuapia. Ukiipenda, ioshe kwa sabuni ndani na nje na uikaushe kabisa kabla ya kuivaa, kwa sababu fangasi wa mwenye nayo wa kwanza wanaweza kuwa wamesafiri nayo. Na ununue jioni, baada ya shughuli, mguu ukiwa umetanuka. Kiatu kilichokutosha saa mbili asubuhi kitakubana saa kumi na mbili jioni, na vidole vilivyobanana havikauki.

Soksi nazo zina siasa zake. Tumefundishwa kwamba pamba ndiyo bora, na kwa kiangazi ni kweli. Ikishalowa, pamba hushika maji kama dekio. Soksi yenye mchanganyiko wa nailoni hukauka mapema zaidi. Lakini kuliko kuhangaika na aina, beba jozi ya pili. Kuanzia Machi mkoba wangu una vitu vitatu ambavyo haukuwa navyo: soksi kavu, kitambaa kidogo cha pamba, na ndala. Nikifika kazini natoa vilivyolowa, nafuta miguu hasa kati ya vidole, nakaa na ndala chini ya meza dakika kumi, ndipo navaa. Zamani tulikuwa tukivisha miguu mifuko ya rambo. Ilitutelezesha na kutuchemsha kwa jasho, na tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Juni 2019 sijaikumbuka.

Yapo pia maji yenyewe. Tunayaita maji ya mvua, lakini yakishafika chini si ya mvua tena. Kila mkazi wa mabondeni anajua mvua kubwa ikianza usiku kuna watu hutapisha vyoo, wakafungulia uchafu uende na mkondo. Chemba za majitaka hufurika barabarani. Mikojo ya panya, ya mbwa na ya ng'ombe imo humo. Julai 2022, ugonjwa uliozua taharuki mkoani Lindi, watu wakitokwa damu puani, ulitambuliwa kuwa homa ya mgunda. Wizara ya Afya ilitaja wagonjwa 20, watatu kati yao wakiwa wamefariki. Vimelea vya homa hiyo hutoka kwenye mkojo wa wanyama, huishi kwenye maji na udongo uliolowa, na huingia mwilini kupitia mchubuko au ngozi iliyolainika. Yaani ngozi ile ile nyeupe ya kati ya vidole. Minyoo ya safura, ambayo viluwiluwi vyake hukaa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, haingoji hata mchubuko. Hutoboa yenyewe, mtoto aliyekanyaga peku akaanza kuwashwa kidoleni, na miezi michache baadaye amepauka kwa upungufu wa damu bila mama kujua ilianzia wapi. Na msumari wenye kutu ndani ya tope ni habari ya pepopunda. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji mengi, uende kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaulize habari ya chanjo. Kidonda kidogo kilichoingia ndani ndicho cha kuogopwa, kwa sababu juu hufunga haraka.

Ukirudi nyumbani, basi, kwanza ni sabuni. Sabuni ya kawaida ya kipande inatosha. Osha mpaka kwenye kifundo, tenganisha vidole kimoja kimoja. Kisha kausha, na hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa kuuacha mguu ujikaukie kwenye zulia. Tumia kitambaa chako peke yako, si taulo la familia, ukipitishe kati ya kila vidole viwili. Mafuta yapake kwenye visigino na juu ya mguu, maana magaga yakipasuka ni milango mingine. Kati ya vidole usipake. Anayejua atapita kwenye maji anaweza kujipaka mafuta mazito ya mgando nyayoni kabla ya kutoka, ngozi isifyonze upesi, ila akifika ayaoshe.

Fangasi wakishaingia, wapo watakaokushauri mafuta ya taa, jivu la moto, hata maji ya betri ya gari. Nimeona mguu wa kijana uliounguzwa hivyo, na kuwashwa kulikuwa kumebaki pale pale. Krimu ya klotrimazo ya duka la dawa inafanya kazi kwa watu wengi. Ipake mara mbili kwa siku kwenye ngozi kavu, na uendelee wiki mbili baada ya kuona umepona. Tunaacha siku ya nne kwa sababu kuwashwa kumekwisha, nao wanarudi mwezi unaofuata tukisema dawa ni feki. Jihadhari pia na zile krimu za mchanganyiko zenye dawa kali ya kutuliza mwasho, zinazouzwa kwa kila ugonjwa wa ngozi. Zinanyamazisha mwasho huku fangasi wakiendelea kutambaa chini. Ngozi ikichuruzika, ikitoa harufu, au wekundu ukipanda juu ya mguu na homa ikaja, ondoka kwenye duka la dawa uende kwa daktari.

Yupo mtu mmoja ambaye kwake haya yote si ya hiari, naye ni mwenye kisukari. Shangazi yangu wa Morogoro alikanyaga kitu kwenye masika, akiwa na ndala, akatembea nacho siku tatu. Hakukisikia. Sukari iliyokaa mwilini miaka mingi ilikuwa imeua mishipa ya fahamu ya miguu. Mjukuu ndiye aliyeona damu kwenye shuka. Alipofikishwa hospitali kidole gumba kilikuwa kimeshakuwa cheusi, na kikakatwa. Madaktari wa Dar es Salaam, Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake, wameandika juu ya miguu ya namna hii kwa miaka mingi. Mwaka 2005 walichapisha habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala, wasizinduke. Mwenye kisukari hapaswi kukanyaga peku hata ndani ya nyumba yake, na wakati wa masika asivae ndala njiani. Kiatu chake kifunike vidole, kiwe na nafasi, soli iwe ngumu kwa msumari. Kabla ya kukivaa aingize mkono ndani apapase. Kila jioni atazame nyayo zake, kwa kioo ikiwa hawezi kuinama, au amwombe mtoto amtazamie. Nyumba yenye mgonjwa wa sukari iifanye kazi hiyo kama inavyofunga mlango usiku. Dakika mbili zinatosha.

Nirudi kwa viatu vyangu vya ngozi, kwa kuwa najua wengi hatuwezi kuviacha. Mzee wa chini ya mwembe alinifundisha hivi. Kiatu kikilowa, futa tope kwa kitambaa cha maji, toa kamba na soli ya ndani. Jaza magazeti makavu yaliyokunjwa ovyo, yafike mpaka kwenye pua ya kiatu, kisha kilaze ubavu kivulini, penye upepo. Baada ya saa moja au mbili yatoe, yatakuwa yamelowa, weka mengine. Usikisogeze jikoni, wala juani, wala nyuma ya friji. Ngozi ikikaushwa kwa moto hupoteza mafuta yake na kusinyaa, na gundi ya soli huachia. Kiatu kizito huhitaji siku nzima, wakati mwingine mbili, ndiyo maana mwenye uwezo wa jozi mbili za kupokezana viatu vyake hudumu kuliko vya mwenye jozi moja ya bei ghali. Kikikauka ndipo kiwi. Neno hili tunalitumia kwa rangi yoyote ya viatu, na asili yake ni jina la dawa iliyotengenezwa Melbourne mwaka 1906, ikapewa jina la ndege wa New Zealand. Ile ya nta, ya kopo, ndiyo ya masika, kwa sababu nta husukuma maji. Ile ya maji, ya chupa yenye sponji, hung'arisha asubuhi na kuondoka na dimbwi la kwanza. Paka nta jioni, paka na kwenye mshono wa soli, acha kiatu kilale nayo, asubuhi piga brashi.

Viatu vyangu alivitengeneza. Alivipaka mafuta siku tatu, akashona soli kwa uzi badala ya gundi peke yake, na bado ninavivaa. Vinakaa kwenye droo ya ofisi. Barabarani natembea na yeboyebo nyeusi.

Naweza kufanya hivyo kwa sababu mkuu wangu wa kazi hana neno. Mtoto wa shule hana ruhusa hiyo. Sheria za shule nyingi zinasema viatu vyeusi vya kufunika na soksi nyeupe, na mtoto mwenye jozi moja huamka saa kumi na moja, akapita kwenye matope, akafika amelowa, akakaa hivyo mpaka saa tisa. Jioni mama anaviweka jikoni vikauke, na kesho yake anavivaa vibichi. Nimeongea na walimu wawili watatu. Wote wanajua watoto wao wananuka miguu wakati wa masika, na wote waliniambia utaratibu ni utaratibu.

Nawaomba walimu wakuu, kamati za shule na wazazi mnaokaa kwenye vikao vyake: kwa miezi ya Machi, Aprili na Mei, mruhusuni mtoto aje na kiatu cha wazi au gambuti, viatu vyeusi awe navyo mkononi. Wekeni ndoo ya maji, sabuni na ubao wa kukalia mlangoni. Anawe, afute kati ya vidole, avae kikavu, aingie darasani. Na ninyi wenye maofisi na viwanda, tengeni kona ya kubadilishia viatu kwa watumishi wenu. Mvua zimeshaanza, na jambo hili linaweza kuanza Jumatatu.